Mapipa ya Jumanne

Saa mbili asubuhi ya Alhamisi ilikuwa bado haijagonga, na Sajenti Rhona Blackledge alikuwa amekwisha kuizunguka nyumba namba tisa mara tatu. Kila alipopita upande wa kulia, pazia la namba saba lilitikisika, likatulia, likatikisika tena.

"Wametuona," alisema Konstebo Len Cutforth. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na hakuona sababu ya kutembea haraka.

"Wametuona tangu tukate kona, Len. Sasa hivi wanajua mpaka soksi zako zimetoboka wapi."

"Kwenye kisigino. Zote mbili."

Rhona hakucheka. Alikuwa anaibonyeza kalamu kichwani, tik-tik, tik-tik, kama alivyofanya njia nzima kutoka kituoni, mpaka Len akawasha redio ya gari ili asimsikie.

Alichokuwa nacho mkononi hakikujaza ukurasa. Audrey Winstanley, miaka sabini na tisa, karani wa shule mstaafu, hakuolewa, anaishi peke yake hapa Laburnum Close kwa miaka arobaini na mmoja. Jana Jumatano saa nane mchana alikuwa na miadi na nesi wa zahanati. Hakutokea. Kwa mtu ambaye hufika kwenye miadi dakika kumi kabla na kusimama nje ili asionekane ana pupa, hilo lilitosha. Nesi alipiga simu mara sita, kisha akapiga polisi. Waliofika jioni walikuta mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma umerudishiwa tu, pochi iko kwenye kiti, koti liko kwenye ndoano, na vidonge vya moyo viko pale dirishani jikoni, juu ya sinki.

Daktari wake alizungumza na Rhona kwa simu alfajiri.

"Bila vidonge, siku ya kwanza atachoka. Ya pili atahangaika. Ya tatu, sajenti, mimi siahidi kitu."

"Siku ya tatu tangu lini?"

"Hilo ndilo la kwenu polisi."

Na ndilo lililokuwa linamtia Rhona kiwewe. Ikiwa Audrey alikuwa mzima Jumanne jioni, bado kulikuwa na siku ya kumtafuta. Ikiwa alipotea kabla ya hapo, siku zilikuwa zimekwisha.

"Bustani?" aliuliza.

"Nimepekua yote," alisema Len. "Banda la vifaa, wazi, kuna mashine ya kukatia nyasi na buibui. Nyuma ya ua wa miti, hakuna kitu. Kule chini kabisa kuna handaki la wakati wa vita, limefunikwa udongo, nyasi zimeota juu. Mlango wa bati nene, kufuli kwa nje."

"Umefungua?"

"Kwa nini? Kufuli iko nje, bosi. Hakuna mtu anayejifungia ndani halafu akafunga kufuli nje. Nimegonga mara moja, kimya."

Rhona alitazama chini ya bustani, akatazama saa, akaelekea namba saba. Pazia lilikimbia.

*

"Ingia mwanangu, usisimame mlangoni kama muuza madirisha," alisema Bi Noreen Sallis. Maji ya chai yalikuwa yanachemka tayari. Yalikuwa yanachemka, bila shaka, tangu gari la polisi lilipozima injini. "Sukari?"

"Hapana, asante."

"Biskuti?"

"Hapana."

"Moja tu."

Rhona alichukua moja, akaishika. Hakukaa. Alisimama kwenye dirisha la jikoni, mahali ambapo mtu akiosha vyombo anaona bustani ya Audrey yote isipokuwa kipande cha chini kilichofichwa na mpea.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumanne, saa kumi na moja jioni. Juu ya alama. Redio ilikuwa inaanza habari. Audrey katoa pipa lake, nikamwambia mume wangu Dennis, toa na letu. Dakika ishirini baadaye mtaa mzima mapipa yako nje."

"Mtaa mzima?"

"Nyumba zote kumi na sita." Bi Noreen alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni asiyejua msalani ni wapi. "Mwanangu, hapa hakuna anayesoma ratiba ya taka ya halmashauri. Wiki hii pipa jeusi la taka, wiki ile la kahawia la majani, sikukuu wanasogeza siku, nani ana kichwa hicho? Audrey akitoa jeusi, sisi jeusi. Akitoa la kahawia, la kahawia. Miaka yote hajawahi kukosea." Akashusha sauti, ingawa jikoni walikuwa wawili tu. "Mpaka wiki hii."

"Kakosea nini?"

"Lori la kila Jumatano halikuja jana! Mapipa yamesimama barabarani kutwa nzima, na jua lile, na kuku wa Jumapili ndani. Harufu! Kumbe Jumatatu ilikuwa sikukuu, wamesogeza siku moja mbele. Lori ni leo. Soma, soma mwenyewe walivyochachamaa." Alimsukumia simu. Kundi la mtaa lilikuwa limewaka moto tangu Jumatano asubuhi. *Audrey katuingiza mkenge.* *Sasa tumfuate nani?* *Mkwe wangu kaja kwa mara ya kwanza leo, kapokewa na uvundo.* Na chini yake, kutoka kwa Roy wa namba kumi na moja: *Tumsamehe. Umri umeenda.*

"Na mwenyewe alijibu nini?"

"Audrey? Hana simu ya namna hiyo. Ya kwake ni ya waya."

"Kuna mtu alikwenda kumwambia?"

Bi Noreen alikoroga chai isiyo na sukari. "Tungemwaibisha, maskini."

Rhona aliandika: *Jumanne, saa 11 jioni, mzima.* Akapigia mstari. "Jumatatu je? Alikuwa na mgeni?"

Hapo Bi Noreen aliweka kijiko chini na kuvuta kiti karibu. "Mpwa wake, Giles. Muuza mazulia, anatoka Leeds. Alikuja na gari lake lile la kijivu, akaliegesha kwa dharau, magurudumu mawili juu ya nyasi. Wakakaa bustanini. Mimi sisikilizi mambo ya watu."

"Walisema nini?"

"Anataka kumpeleka nyumba ya wazee. Audrey kamwambia, 'Ukinipeleka huko nitarudi kwa basi.' Giles kapandisha sauti. Audrey hakupandisha, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, ungemjua. Nikafunga dirisha. Saa kumi na nusu nikasikia mlango wa gari, puu! Kaondoka."

"Kuna lingine? Chochote kisicho cha kawaida, tangu siku hiyo?"

"Hapana. Mtaa huu hakutokei kitu, ndiyo maana tulinunua." Alifikiri. "Mbweha tu karudi. Analialia kule chini ya bustani, hasa alfajiri. Dennis anasema wanazaa. Na wewe hujala biskuti yako."

*

Roy Pemberthy wa namba kumi na moja hakuhitaji kubishiwa hodi. Alikuwa langoni, anakata majani ya ua wake ambayo yalikuwa yamekatwa tayari. Mwanamume wa miaka sitini na minne, shati limechomekewa barabara, beji ya kamati ya ulinzi wa mtaa kifuani. Yeye ndiye mwenyekiti. Yeye ndiye aliyebandika ilani kwenye nguzo ya taa kuhusu wezi wa baiskeli.

"Nimewaandalia orodha ya magari yote yaliyoingia mtaani tangu Jumamosi," alisema, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "La mpwa nimelipigia mstari."

"Kwa nini?"

"Hakunisalimia."

Rhona aliisoma. Jumatatu, gari la kijivu, limeingia saa nane, limetoka saa kumi na nusu. Jumanne na Jumatano halikuwapo.

"Audrey ulimwona lini mara ya mwisho, Bwana Pemberthy?"

Mkasi ulikata jani moja. "Pipa lake lilikuwa nje Jumanne jioni, kama kawaida."

"Hakuonekana amechoka? Anaumwa?"

"Mtu wa umri ule." Jani jingine. "Pipa lenyewe jepesi, anakula nini? Anaishi kwa mkate na ile sharubati yake ya maua. Nimemwambia mara nyingi, Audrey, ukihitaji chochote sisi tupo."

"Na huwa anahitaji?"

"Hapana. Na sisi hatuingilii."

Mkono wake ulikuwa umelowa jasho kwenye mpini wa mkasi. Lakini ilikuwa asubuhi ya joto, na watu wengi hulowa jasho mbele ya polisi. Rhona aliandika *jepesi*, bila kujua kwa nini, akaendelea na mtaa.

Kufikia saa mbili na dakika arobaini alikuwa na mashahidi saba. Wote saba walisema Jumanne, saa kumi na moja. Hakuna hata mmoja aliyetofautiana kwa zaidi ya dakika tano.

"Mashahidi safi," alisema Len. "Sijawahi kuona mtaa unaokubaliana hivi."

"Mimi pia," alisema Rhona. Tik-tik. "Ndiyo inayoniwasha."

*

Giles Winstanley aliwasili wakiwa wamerudi jikoni kwa Audrey. Mtu mnene wa miaka hamsini, macho mekundu, kaendesha gari tangu alfajiri. Hata kabla hajaulizwa alikuwa anajibu.

"Jumanne kutwa nilikuwa dukani, waulize watu ishirini. Jumatano vilevile. Sikumgusa shangazi yangu."

"Nani kasema umemgusa?"

"Huyo bibi wa namba saba ananitazama dirishani sasa hivi kama nimebeba panga."

"Anamtazama kila mtu hivyo. Jumatatu mligombana?"

"Tulizungumza." Akajifuta shingo. "Sawa, tuligombana. Nilimwambia akianguka humu ndani hakuna atakayejua. Akaniambia, 'Giles, mtaa huu pipa langu tu likichelewa wote watajua.' Halafu akainuka, akasema nisiondoke mikono mitupu, anakwenda kunichukulia chupa ya sharubati. Alipotoka tu, mimi nikachukua funguo nikaondoka. Sikumuaga." Aliziweka funguo za gari mezani. "Nilikuwa na hasira. Nilikusudia kumpigia Jumanne. Sikumpigia."

Rhona alikuwa anatembea, kutoka sinki hadi mlango, kutoka mlango hadi friji. Hapo kwenye friji akasimama.

Kalenda ya halmashauri ilikuwa imebandikwa kwa sumaku. Mwezi wa Mei. Kila Jumanne kulikuwa na alama ndogo ya kalamu, na neno *jeusi* au *kahawia*. Wiki hii Jumanne ilikuwa imekatwa kwa mstari. Kando ya Jumatano, kwa mwandiko wa karani aliyejaza madaftari ya shule maisha yake yote: *Sikukuu. Toa LEO jioni. Jeusi.* Alhamisi ilizungushiwa wino mwekundu, mara mbili.

"Len."

"Bosi."

"Alijua."

Len alisogea, akasoma, midomo ikicheza. "Alijua lori ni leo."

"Alijua tangu mwezi uanze. Mtu aliyeandika hivi hawezi kutoa pipa Jumanne." Rhona alifungua dirisha la jikoni kwa kishindo. Pazia la namba saba halikupata nafasi hata ya kukimbia. "Bi Noreen! Jumanne jioni, ulimwona Audrey, au uliona pipa?"

Uso wa Bi Noreen ulitokeza. "Si kitu kilekile, mwanangu?"

"Ulimwona yeye? Kwa macho? Sweta, nywele, miguu?"

Bi Noreen aliachia pazia. "Pipa," alisema. "Niliona pipa."

Rhona alifunga dirisha. Alirudi kwenye daftari lake na kufuta mashahidi saba, mmoja baada ya mwingine. Kilichobaki kilikuwa Jumatatu, saa kumi na nusu, na mtu mmoja wa mwisho kumwona Audrey Winstanley akiwa hai. Mtu huyo alikuwa ameegemea sinki mbele yake, na rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Hapana," alisema Giles. "Hapana, sajenti, usinitazame hivyo."

"Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu."

"Nani alikuona?"

"Nani anamwona mtu aliye peke yake?"

Len alisogea mlangoni bila kuambiwa, akaujaza.

"Sharubati," alisema Rhona. "Alikwenda kuichukua wapi?"

"Sijui. Mahali penye baridi. Alitoka kwa nyuma, mimi sikugeuka."

Rhona alitazama ubao mdogo wa funguo kando ya mlango wa nyuma. Kila ndoano ilikuwa na kibandiko: *mbele*, *banda*, *Noreen*, *handaki*. Funguo tatu zilikuwapo. Ndoano ya nne ilikuwa tupu.

Alifungua mdomo kusema, na ndipo mtaa mzima ukaanza kulia: bip, bip, bip. Lori la taka lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia Laburnum Close.

*

Walioona wanasimulia mpaka leo jinsi sajenti wa kike alivyokimbia barabarani mikono juu, na jinsi dereva wa lori, jitu lenye tatuu ya ndege shingoni, alivyotoa kichwa na kumuuliza kama amechoka kuishi.

"Polisi! Pipa la namba tisa lisiguswe!"

"Dada, mimi nina mitaa kumi na minne."

"Leo utakuwa na kumi na mitatu."

Milango ikaanza kufunguka. Mtu wa namba nne alitoka na taulo la kuogea. "Jana hawakuja, leo mnawazuia? Mnataka tufe kwa harufu?" Mwingine akadakia kutoka ng'ambo, "Mwacheni apige simu kwanza kwa Audrey amuulize kama ni siku yenyewe!" Watu wawili wakacheka, kisha wakakumbuka, wakanyamaza.

Rhona alishika mpini wa pipa la Audrey ili alivute pembeni. Alijiandaa kwa uzito, akakaza mgongo. Pipa likaja kwa mkono mmoja, kwa urahisi hata likamgonga gotini. Alifunua. Ndani kulikuwa na mfuko mmoja, mdogo, umefungwa fundo.

Alibaki ameshika mfuniko.

*Pipa lenyewe jepesi, anakula nini?*

Ukiliona pipa limesimama langoni, unaona rangi, unaona namba. Uzito huuoni. Uzito anaujua aliyelisukuma.

Roy Pemberthy alikuwa langoni kwake, na mkasi mkononi.

"Bwana Pemberthy," alisema Rhona. Hakupaza sauti. "Njoo hapa. Uweke huo mkasi chini kwanza."

Alikuja. Mtaa ulikuwa unatazama, wengine kwa mapazia, wengine sasa waziwazi, mikono imekunjwa.

"Wewe ndiye uliyetoa pipa la Audrey Jumanne."

"Mimi—"

"Hakuna mwingine aliyejua ni jepesi. Niambie kwa nini, na uniambie haraka."

Uso wa Roy ulifanya kitu cha ajabu. Ulitabasamu, kwa adabu, tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu ambaye anaomba radhi yeye. "Lilikuwa halijatoka," alinong'ona. "Saa kumi na moja ilifika, likawa halijatoka. Nikadhani kasahau. Nikamsaidia. Majirani tunafanya hivyo."

"Ulimbishia hodi?"

"Sikutaka kumsumbua."

"Halafu Jumatano lori halikuja."

"Nikaona kwenye simu wanavyosema. Nikataka kueleza. Kweli, niliandika mara tatu, nikafuta." Aligusa beji kifuani. "Mimi ni mwenyekiti, sajenti. Mtaa mzima ulikuwa umetoa mapipa siku siyo kwa sababu yangu."

"Ukaandika umri umeenda."

Rhona alisogea karibu zaidi, karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kumsogelea Roy Pemberthy kwenye mtaa ule.

"Ungesema Jumatano asubuhi, tungejua hajaonekana tangu Jumatatu. Tungekuwa hapa asubuhi ileile. Sasa nisikilize. Tangu Jumatatu, umemsaidia nini kingine bila kumsumbua?"

Alifikiri. Wote walimwona anafikiri. Kisha tabasamu lilimtoka usoni, na hakuna aliyewahi kumwona bila kuwa nalo.

"Jumatatu jioni, saa kumi na mbili, niliona mlango wa handaki lake uko wazi. Kufuli inaning'inia. Na wezi hawa wa siku hizi. Nikapita lango la pembeni, nikausukuma mlango, nikabana kufuli. Ni ile ya kubana, haihitaji ufunguo."

"Uliita ndani?"

"Nilidhani bado ana mgeni. Sikutaka aone kwamba—"

Rhona hakuwapo tena kusikia kilichobaki. "Len!" alikuwa anapiga kelele huku akikimbia. "Mtaimbo! Mwombe dereva mtaimbo!"

*

Dereva hakumpa mtu mtaimbo. Alikuja nao mwenyewe, akikanyaga maua ya watu, na nyuma yake akaja Giles, na Len, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka kumi alionekana akikimbia. Lango la pembeni la namba tisa lilikuwa jembamba, la kupita mtu mmoja, na mtaa mzima ulipita hapo kwa foleni. Hata siku hiyo walipanga foleni.

Kufuli ilivunjika kwa pigo la pili. Mlango wa bati ulivutwa, hewa ya ubaridi na udongo ikatoka, na mwanga ukashuka kwenye ngazi nne za matofali, ya tatu ikiwa imemeguka.

Chini, juu ya kreti la mbao, alikaa bibi mdogo mwenye nywele nyeupe, amejifunika gunia na pazia kuukuu la maua, mguu mmoja umenyooshwa mbele yake na kifundo kimevimba kama boga. Midomo ilikuwa ya bluu. Kando yake kulikuwa na chupa tano za sharubati ya maua, tatu tupu, zimepangwa mstari. Mkononi alikuwa ameshika kopo la bati na ufunguo, tayari kugonga tena.

"Shangazi," alisema Giles, akateleza ngazi zote nne, akapiga magoti kwenye matope.

Audrey alimwekea mkono kichwani. "Uliondoka bila sharubati yako," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha, ilitoka kama karatasi inayochanwa.

Len alikuwa tayari kwenye redio anaita gari la wagonjwa, anataja vidonge, anataja moyo. Nesi anayeishi namba kumi na mbili alishuka, akashika kiganja, akahesabu, akamwitikia Rhona kwa kichwa: mapigo yanayumba, lakini yapo. Nje, kwenye nyasi, Bi Noreen alikuwa na kandambili miguuni na kiganja mdomoni. "Mbweha," alikuwa anarudia. "Dennis, yule mbweha."

"Bi Winstanley," alisema Rhona, akichuchumaa. "Usiseme sana. Wanakuja."

"Nimeongea peke yangu siku nne, acha niseme na mtu." Macho yake yalikuwa makali, yanatafuta saa ya mtu. "Leo Ijumaa."

"Leo Alhamisi, bibi."

"Ijumaa. Nilianguka nikazimia, nikazinduka mlango umefungwa. Humu hakuna mchana wala usiku, mlango huu haupitishi hata uzi wa mwanga. Nilikuwa nalala, naamka, sijui ni lini. Lakini niliyasikia mapipa. Kwanza moja, halafu yote kumi na sita, magurudumu juu ya lami, nayajua kama sauti ya mama yangu. Nikasema, Audrey, hiyo ni Jumatano jioni. Nikahesabu kuanzia hapo."

"Mapipa yalitoka Jumanne."

Audrey Winstanley alimtazama sajenti. Kisha alitazama juu, kwenye mraba wa mwanga ambapo majirani zake walikuwa wamesongamana mabega kwa mabega, karibu kuliko walivyowahi kusimama miaka arobaini na mmoja.

"Jumanne?" alisema. "Wiki ya sikukuu? Nani katoa mapipa Jumanne?"

Mtu wa taulo alitazama nyasi. Bi Noreen alitazama mpea. Taratibu, bila mtu kumsukuma, umati ukaachana katikati, na Roy Pemberthy akabaki peke yake kwenye ukingo wa ngazi, beji kifuani.

Alisema kitu. Midomo ilionekana ikicheza.

"Sema kwa sauti, Roy," alisema Audrey. "Mimi nimepiga kelele siku zote hizo."

"Mimi," alisema Roy, na safari hii mtaa mzima ulimsikia. "Mapipa ni mimi, Audrey. Na mlango ni mimi."